Ufito wa Kitopeni

Nchi ninayoisimulia haimo katika ramani yoyote, na msomaji atakayeona inafanana na nchi anayoijua, hayo ni mambo ya macho yake, mimi asinihusishe. Ilikuwa na mikoa kumi na mmoja. Mikoa kumi ilikuwa na visima vya mafuta. Wa kumi na moja, mkoa wa Mji Mkuu, haukuwa na kisima bali ulikuwa na Wizara, na wakazi wake waliona hiyo ni bora zaidi.

Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, saa nne asubuhi, redio ya taifa ilisoma Mwelekeo wa Mwezi wa Uzalishaji wa Mafuta na Gesi Asilia Kimkoa. Watu walisimama pale walipo. Kinyozi aliinua wembe, mwalimu alishusha chaki, na mkoa mmoja mmoja ukatajwa kwa namba yake mpaka mtangazaji aliposema kwamba jumla imepanda, ndipo watu wakaketi. Haikuwa sheria kwamba lazima ipande. Ila zamani palikuwa na mkurugenzi mmoja aliyetangaza kwamba imeshuka, akahamishiwa kusimamia mnara wa kuongozea meli katika wilaya isiyopakana na bahari, na tangu siku hiyo haikushuka tena.

Hayo yalikuwa ya mafuta. Gesi asilia, kwa kuwa haionekani, haikuwa na usumbufu wowote. Wizara ilichukua namba ya mafuta, ikaizidisha mara mbili, kisha ikaongeza kidogo kwa ajili ya ile iliyopotea hewani kabla ya kuhesabiwa.

Katika mkoa wa Kitopeni kazi ya kupima tangi ilikuwa ya mwanamke aitwaye Sikitu Makwega. Alikuwa na miaka thelathini na miwili, mwandiko mzuri, na tabia moja iliyowachosha wakubwa zake: jambo lisilo sawa halikumtoka kichwani. Wengine wakiona picha imekaa upande ukutani hupita. Sikitu alirudi kuinyoosha, hata kama ni ofisi ya mtu.

Chombo chake cha kazi kilikuwa ufito mmoja wa mbao ya mninga, urefu wa mita tano, uliochongwa alama mia moja kuanzia chini kwenda juu. Kwenye mshikio, huko juu kabisa, ilichorwa nembo ya taifa kwa rangi ya dhahabu. Siku ya kupima, Sikitu alipanda ngazi ya tangi, akafungua kifuniko, akauteremsha ufito mpaka ukagota sakafuni, akautoa, akatazama unyevu umeishia alama ya ngapi. Siku aliyoajiriwa aliapa mbele ya hakimu kwa maneno matatu tu: mpimaji huandika anachokiona. Mwezi wa Januari aliona thelathini na moja, akaandika thelathini na moja.

*

Mambo yalianza Februari, na yalianza kwa heshima.

Katika nchi ile hapakuwa na shughuli isiyokuwa na mgeni rasmi. Hata choo cha shule kilikuwa na jiwe la ufunguzi. Mkuu wa Mkoa wa Kitopeni, Mheshimiwa Balthazari Ngwembe, alipenda kupima mafuta kuwe na mahema, risala na kikundi cha ngoma, na mwezi huo alimwalika mkuu wa wilaya ya jirani. Risala ikasomwa, ngoma ikachezwa, Sikitu akapanda ngazi, watu wakapiga makofi. Ikafika zamu ya zawadi. Kinyago kilichokuwa kimeandaliwa kikafunguliwa mbele ya umati, kikakutwa kimeliwa na mchwa mpaka kwenye magoti.

Mheshimiwa Ngwembe hakuwa mtu wa kuaibika hadharani. Aligeuka huku na huku, akauona ufito umeegemezwa kwenye tangi unatiririka mafuta, akamwita Fundi Shomvi, seremala wa mkoa, amkatie mgeni kipande cha kumbukumbu. Fundi Shomvi akauliza akate upande gani. Juu kulikuwa na nembo, na kukata nembo ya taifa ni kosa la kifungo. Ikabaki chini.

Sikitu alisogea karibu na kusema kwa sauti ya chini, "Mheshimiwa, tukikata chini, upimaji utaharibika. Namba zinaanzia huko."

"Binti, zipo mia," Ngwembe akasema. "Tunakata mbili, zinabaki tisini na nane. Kwani wewe unataka ngapi?"

Watu wa karibu wakacheka, msumeno ukafanya kazi yake, na mkuu wa wilaya akaondoka na kipande chenye alama mbili, kimepigwa vanishi na kutiwa kwenye kisanduku cha kioo. Alifurahi kupita kiasi. Alisema amepewa sanamu nyingi maishani, lakini hajawahi kupewa kitu kilichogusa mafuta yenyewe.

Machi ilipofika, Sikitu akapanda ngazi, akateremsha ufito, akautoa, na unyevu ukawa umeishia alama ya thelathini na tatu.

Aliteremka akiwa ameshaelewa. Mumewe, Kitwana, alikuwa mtunza pampu wa kisima kinacholijaza tangi hilo, akamwambia kisima kinatoa kama kilivyokuwa kikitoa, hakijaongeza hata kikombe. Lakini kiapo ni kiapo. Alichokiona ni thelathini na tatu, akaiandika, na chini yake akaongeza kwa mwandiko wake mzuri kwamba ufito umepungua alama mbili. Karatasi ikarudi kutoka Wizarani na muhuri: Maelezo hayahitajiki, namba inatosha.

Mwezi huohuo wa Machi aligundua kwamba ana mimba. Ilikuwa ya kwanza, baada ya miaka sita ya kungoja, na kwa siku kadhaa hakuukumbuka ufito kabisa.

*

Habari ya zawadi ile ilienea. Machi akaja mkurugenzi wa shirika la mafuta, na kwa kuwa mkurugenzi hawezi kupewa sawa na mkuu wa wilaya, alikatiwa alama nne. Aprili akaja Naibu Waziri, alama nane. Mei akaja Waziri mwenyewe na magari kumi na saba, akakatiwa alama kumi na tano, akakibeba kipande chake mikononi kama anabeba mtoto wa kumbatiza.

Na kila mwezi namba ya Kitopeni ikapanda. Thelathini na saba. Arobaini na tano. Wakati huo Kitwana alikuwa anarudi nyumbani na uso uliokunjamana, maana kisima kilikuwa kimeanza kukohoa. Pampu ilivuta hewa. Malori ya Wizara yalikuja kuchukua mafuta, yakakuta bomba linakoroma, yakaondoka na hati zilizosainiwa kwamba yamejaa, kwa sababu hati zilikuwa zimeshachapwa. Kufikia Juni mafuta yalikuwa yameshuka zaidi ya theluthi, lakini ufito ulisoma arobaini na tisa.

Huko Wizarani, Mkurugenzi wa Mwelekeo, Bwana Ponsiano Lihamba, akaanza kuishangaa Kitopeni. Alikuwa msomi halisi, mwenye shahada tatu na koti la sufu alilolivaa hata wakati wa joto. Aliweka orodha ya namba upande mmoja, orodha ya wageni rasmi upande wa pili, akazilinganisha. Mkuu wa wilaya alikuwa ameyainua mafuta alama mbili. Mkurugenzi nne. Naibu Waziri nane. Tangu dunia iumbwe hapajapata kuonekana takwimu zinazotii vyeo namna ile.

Akaandika kitabu cha kurasa mia mbili, mia na sitini zikiwa picha, akieleza Nadharia ya Mvuto wa Kiongozi: kwamba mafuta yaliyo chini ya ardhi, sawa na wananchi walio juu yake, huinuka kumlaki kiongozi, na huinuka kwa kadiri ya cheo chake. Kitabu kilisifiwa. Hakuna aliyeweza kukipinga, kwani namba zake zote zilikuwa za kweli.

Ili nadharia ijaribiwe, Juni ikapelekwa Kitopeni kamati ya watu kumi na wawili, Lihamba akiwemo. Kila mmoja alikatiwa alama mbili ili pasiwe na manung'uniko. Mwezi uliofuata tangi lilikuwa limebaki na tope tu, lile tope zito la miaka thelathini linalokaa sakafuni na lisilotoka hata kwa koleo, kina cha vidole viwili. Ufito ukasoma hamsini na nne. Lihamba alilia kwa furaha. Julai wakaja mabalozi tisa, alama mbili mbili, na Agosti, juu ya tope lilelile, Kitopeni ikatangazwa sabini na mbili. Ufito wakati huo ulikuwa mfupi kuliko Sikitu mwenyewe, ikabidi ufungwe kamba kwenye mshikio ndipo ufike chini. Kamba haikuwa na alama, kwa hiyo haikuhesabiwa.

*

Sasa nieleze kwa nini jambo hili, ambalo lingeweza kubaki kuwa kichekesho, halikumchekesha Sikitu.

Palikuwa na kanuni kwamba mkoa unaoshika nafasi ya kwanza haupewi mgawo wa mafuta ya taa wala mitungi ya gesi, kwa kuwa mkoa wa namna hiyo unaogelea kwenye mafuta na kuupa mengine ni kuutukana. Kitopeni ilishika nafasi ya kwanza mwezi Mei. Juni mgawo ukakatwa. Wiki moja baadaye Mheshimiwa Ngwembe akapiga marufuku kuni na mkaa, akisema mkoa bingwa wa mafuta ukionekana unatoa moshi wa kuni, wageni watafikiri nini.

Basi watu wa Kitopeni wakala baridi. Wakaloweka mchele tangu asubuhi wakautafuna jioni. Wakala mihogo mibichi mpaka wengine wakaanza kuisifia. Mama yake Sikitu, Bi. Nyamizi, aliyekuwa akikaanga vitumbua langoni mwa tangi kwa miaka ishirini, alilifuta jiko lake, akaligeuza juu chini, akalifunika kanga. Kila asubuhi alikuja kukaa kando yake vilevile, kwa mazoea.

Lakini lililomkosesha Sikitu usingizi lilikuwa zahanati. Mkunga wake, Agripina, hakuwa na moto wa kuchemshia mikasi wala maji. Julai jirani yao mmoja, Mwajabu, alijifungua kwa vifaa vilivyofutwa kwa chumvi na maji ya baridi, akashikwa na homa ya uzazi, akalala wiki tatu hajui yupo wapi. Alipona, ila alitoka mle ndani nusu ya alivyoingia. Sikitu alikwenda kumtazama, akarudi akiwa ameshika tumbo lake kwa mikono miwili. Aliogopa. Yeye angejifungua Oktoba.

"Mama," akamwambia Bi. Nyamizi, "mimi ndiye ninayeandika zile namba."

"Unaandika uongo?"

"Naandika ninachokiona."

Bi. Nyamizi akalitazama jiko lake lililofunikwa. "Basi nenda kawaambie na usichokiona, mwanangu. Muda unao mchache."

*

Wizarani alikalishwa kwenye benchi la korido kwa siku mbili. Mbele ya benchi, ukutani, palikuwa na fremu kubwa ya Kanuni Ishirini za Upimaji wa Mafuta, na kwa kuwa hapakuwa na kingine cha kusoma, Sikitu alizisoma zote. Kanuni ya Nne ilisema nembo ya taifa haikatwi, haikwanguliwi wala hairukwi. Kanuni ya Saba ilisema mafuta yote yaliyosomwa na ufito ni ya mkoa unaoutunza ufito huo. Kanuni ya Kumi na Moja ndiyo ile ya mkoa wa kwanza kunyimwa mgawo, na iliendelea kusema kwamba mkoa wa mwisho hupewa maradufu. Fremu ilikuwa imekaa upande. Sikitu akainuka, akainyoosha, akaketi, akaisoma tena Kanuni ya Saba.

Siku ya pili alasiri akaitwa. Bwana Lihamba alimpokea kwa bashasha, maana mpimaji wa Kitopeni kwake alikuwa mtu wa kuheshimiwa. Mezani palikuwa na kikombe cha chai ya tangawizi kinachofuka mvuke. Sikitu alikuwa hajaona mvuke kwa miezi miwili, akautazama kwa muda kabla hajaanza kusema.

Alieleza yote, tangu kinyago na mchwa hadi tope la vidole viwili. Lihamba alimsikiliza bila kumkatiza.

"Kwa hiyo unasema tangi ni tupu," akasema.

"Lina tope, mkurugenzi."

"Na ufito unasemaje?"

"Sabini na mbili."

"Basi mimi nawe hatugombani. Wewe umeandika sabini na mbili, mimi nimepokea sabini na mbili."

Sikitu akaona kwamba kitu kilichokandamiza karatasi mezani ni kipande cha mninga kilichopigwa vanishi, chenye alama ya arobaini na ya arobaini na moja. Akakinyooshea kidole, akasema hicho ndicho, hicho na vingine kama hicho, vikirudishwa mahali pake namba itakuwa sahihi. Lihamba akakisogeza taratibu upande wake wa meza. Alisema ni zawadi, na zawadi hairudishwi, ni kukosa adabu.

Hata hivyo hakuwa mtu mbaya. Alitoa fomu ya mabadiliko ya uzalishaji, akaigeuza ili Sikitu aione. Kwenye sehemu ya sababu palikuwa na majibu mawili ya kuchagua: uongozi bora, au uongozi bora pamoja na bidii. Sikitu akauliza iko wapi fomu ya kushuka. Lihamba akajibu kwamba iliwahi kuwepo, karatasi zake zikaisha, na hakuna aliyeagiza nyingine.

"Na mgawo wetu?" Sikitu akauliza. "Watu wanazaa kwa maji baridi, mkurugenzi."

Lihamba akanywa funda la chai. "Mgawo utarudi namba ikishuka. Namba itashuka ufito ukirefuka. Na ufito, nikuulize dada yangu, umekuwa mikononi mwa nani muda wote huu? Alama sabini na moja za mali ya umma zimekatwa, na mtunza ufito ni wewe. Mimi sitaki kuliandika hilo. Nakushauri kama kaka yako, rudi ukajiandae. Mwezi ujao anakuja Rais."

*

Sikitu alirudi Kitopeni akamkuta Mheshimiwa Ngwembe yupo katika hali mbaya kuliko yake. Itifaki ilisema Rais hapewi zawadi iliyo chini ya mara mbili ya aliyopewa Waziri. Waziri alipewa alama kumi na tano, kwa hiyo Rais ni thelathini. Ngwembe alikuwa ameuhesabu ufito asubuhi, mchana na tena baada ya sala, na kila mara zilikuwa zimebaki alama ishirini na tisa. Alifikiri kuongeza moja kwa kalamu. Alifikiri kuugua.

"Mheshimiwa," Sikitu akasema, "mpeni mzima."

"Na nembo?"

"Kanuni inasema nembo haikatwi. Haisemi haitolewi nzima. Atakuwa kiongozi wa kwanza kupewa ufito na nembo yake, wengine wote walipewa vipande."

Machozi yakamlenga Ngwembe. Aliapa kwamba mwanamke yule angezaliwa mwanamume angekuwa mkuu wa wilaya. Sikitu aliliacha hilo lipite. Aliomba vitu viwili tu. Kwanza, Fundi Shomvi achonge ufito mpya wa mita tano, kwa maelekezo ya mpimaji. Pili, pawepo hati ya makabidhiano, maana zawadi ya Rais haitoki mikononi kama pakiti ya biskuti. Hati akaiandika mwenyewe, kwa mwandiko wake mzuri: Ufito wa Kitopeni pamoja na mafuta yote uliyoyasoma unakabidhiwa leo ukatunzwe Mji Mkuu. Ngwembe alisoma, akaona ni maneno ya heshima, akasaini.

Rais alikuja Septemba na msafara uliochukua dakika arobaini kupita. Alihutubia kwa saa tatu. Alisema mafuta haya hayatoki ardhini, yanatoka katika umoja wetu, ardhi ni njia tu. Alisema nchi nyingine zina visima virefu lakini hazina mwelekeo. Sikitu alisimama juani kando ya tangi akiwa na mimba ya miezi minane, miguu imevimba, na kwa mara ya kwanza katika sherehe zote zile alipiga makofi kwa dhati. Kisha akaukabidhi ufito kwa mikono yake miwili, na Lihamba, aliyekuwa nyuma ya Rais na koti lake la sufu, akaisaini hati kwa niaba ya Wizara bila kuisoma, kwa sababu kamera ilikuwa inamtazama.

*

Jumatatu ya kwanza ya Oktoba, saa nne asubuhi, nchi nzima ikasimama.

Sikitu alikuwa ameshapanda ngazi kwa shida siku mbili kabla, Kitwana akimshikilia kiuno, akauteremsha ufito mpya mpaka ukagota, akautoa, na unyevu ukawa umeishia alama ya kwanza. Akaandika moja. Kwa kufuata Kanuni ya Saba akaambatanisha nakala ya hati, yenye saini ya Wizara yenyewe, ikionyesha zile sabini na mbili ziko wapi. Karani akapokea karatasi. Akajumlisha. Jumla ya nchi ilikuwa imepanda kwa moja. Akapiga muhuri akaenda kula.

Mtangazaji akasoma: mkoa wa Kitopeni, moja, nafasi ya kumi na moja. Mkoa wa Mji Mkuu, sabini na mbili, na kwa kuwa Rais hulala humo kila siku, kwa Nadharia ya Mvuto wa Kiongozi, imeongezwa na kuwa mia moja, nafasi ya kwanza. Jumla imepanda. Mji Mkuu ulishangilia mpaka mchana, na gazeti la serikali likatoa picha ya ufito ukiwa Ikulu, mkavu, ndani ya kioo.

Alhamisi yake lori la mgawo likaingia Kitopeni, maradufu. Bi. Nyamizi alilifunua jiko, akatia mafuta ya taa, akawasha utambi, akakaa kuutazama moto bila kuweka kitu juu yake. Jumapili Sikitu akashikwa na uchungu. Agripina alichemsha mikasi mara tatu, mara ya kwanza kwa sababu ya kazi na mara mbili kwa sababu ya raha tu, na sufuria kubwa la maji likawa linatokota nyuma ya pazia tangu mwanzo hadi mwisho. Mtoto akatoka wa kike, analia kwa nguvu. Sikitu naye alilia, akasikia aibu, kisha akaona hana sababu ya kuona aibu.

Wiki iliyofuata Mheshimiwa Ngwembe alileta mgeni rasmi mwingine, kamishna fulani, na zamu ya zawadi ilipofika akamwita Fundi Shomvi aje na msumeno. Fundi Shomvi akaulaza ufito mpya mezani. Juu, kwenye mshikio, palikuwa na nembo ya taifa. Chini kabisa palikuwa na nembo ya taifa. Ngwembe akasema basi akate katikati, lakini katikati nako kulikuwa na nembo, maana mpimaji alikuwa ameelekeza ichongwe kwenye kila alama, zote mia moja, ndogo na safi. Ngwembe alipitisha kidole chake toka mwanzo hadi mwisho akitafuta upenyo, na kwa kuwa nembo hairukwi, alisimama wima kidogo kwenye kila moja. Kamishna alipewa vitumbua.

*

Mwishoni mwa Novemba, asubuhi moja, Bwana Ponsiano Lihamba alionekana langoni mwa tangi la Kitopeni. Alikuwa amesafiri kwa saa sita. Koti lilikuwa limekunjamana na alikuwa amebeba dumu tupu la lita ishirini. Mji Mkuu ulikuwa haujapata mgawo wa mafuta ya taa wala mtungi wa gesi kwa miezi miwili, na kuni zilikuwa zimepigwa marufuku kwa sababu ya wageni. Alisema wanawe wanakula mchele uliolowekwa. Alisema na mama mkwe yupo.

Bi. Nyamizi akampa kigoda na kikombe cha chai, maana njia ilikuwa imemchosha mtu wa watu. Lihamba akakishika kwa mikono miwili, akaacha mvuke umpande usoni, hakunywa kwa muda mrefu. Sikitu alikuwa ameketi upande wa pili wa jiko ananyonyesha.

"Bi. Sikitu," Lihamba akasema hatimaye, kwa sauti ya chini, "ile mia moja. Inashushwaje?"

Sikitu akamhamishia mtoto upande wa pili. Hakuwa na kinyongo naye, kusema kweli. Mtu aliyelala vizuri hana haja ya kinyongo.

"Kuna fomu, mkurugenzi," akasema. "Kwenye sehemu ya sababu pana majibu mawili. Unachagua moja."

Lihamba akatikisa kichwa polepole, akanywa chai yake yote, akauliza kama foleni ya mafuta ya taa inaanzia wapi. Bi. Nyamizi alikuwa anageuza vitumbua, hakuinua uso. Alimwonyesha kwa upawa kwamba mwisho wake ni kule kwenye ukuta, nyuma ya dereva wa Waziri.